Kocha wa mwanao anapimwa kwa kipi?

Mzazi mwenye mtoto anayejua kukimbia atakutana siku moja na mtu mwenye filimbi shingoni, atakayemwambia kwa sauti ya chini kama anayetoa siri: mtoto huyu ana kipaji, niachie mimi. Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sehemu tatu tu za mia za sekunde, ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba mbio hazilipi. Zinalipa. Linalobaki ni kumjua yeye ni nani na anajua kufanya nini.

Swali ambalo wazazi wengi huuliza ni moja: ameshinda vikombe vingapi? Ni swali la haki, lakini jibu lake halisaidii sana. Kikombe kinaonyesha kwamba kocha alikuwa na mtoto mwenye mbio siku ile. Hakionyeshi kama mbio zile zilitoka kwa kocha, kwa Mungu, au kwa mtoto aliyebalehe mwaka mmoja kabla ya wenzake.

Yupo mama mmoja wa Uru, anayeteremka mjini Moshi kwa daladala mara tatu kwa wiki kuuza ndizi Mbuyuni. Binti yake ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na mwaka jana aliwaacha wenzake wote katika mita 1,500 na 3,000 kwenye michezo ya shule. Ndani ya mwezi mmoja mama huyo alipata wageni wawili.

Wa kwanza alitoka mjini. Ana kambi: nyumba ya kupanga, watoto kumi na wawili, mazoezi asubuhi na jioni. Alikuja na simu iliyojaa picha za medali, akamwamkia bibi wa nyumba vizuri, akakubali kahawa. "Mama, huyu mtoto ni dhahabu," alisema. "Anapotea huku. Nipe miaka miwili, utaniambia." Alitaka binti ahamie kambini, abadilishe shule, na gharama atasaidia nusu. Viatu angempa siku hiyo hiyo, vilikuwa kwenye gari.

Wa pili ni mwalimu wake wa jiografia, ambaye ndiye kocha wa riadha wa shule kwa sababu hakuna mwingine. Yeye hakuja na viatu. Alikuja na kaunta buku lililochakaa kona, akalifungua mezani. Kila mtoto ana kurasa zake: amekimbia nini, kwa muda gani, alilala saa ngapi, alisema anaumwa wapi, siku gani alipumzishwa. Kwenye ukurasa wa binti kulikuwa na wiki mbili za Februari zilizoandikwa neno moja tu: goti.

Mjomba wa mtoto alimpenda wa kwanza. Bibi naye, kwa sababu ya maamkizi. Mama akaomba muda.

Muda huo ni muhimu kuliko wazazi wanavyodhani, kwa sababu umri wa miaka 12 hadi 16 ndio unaodanganya zaidi. Katika darasa moja la watoto waliozaliwa mwaka mmoja unaweza kukuta mvulana mwenye sauti nzito na mabega ya mtu mzima amekaa dawati moja na mwenzake ambaye bado ni mtoto mdogo. Wakikimbia, mshindi anajulikana kabla ya filimbi. Kocha anayemchukua yule mkubwa atapata medali bila kumfundisha chochote, na miaka mitatu baadaye yule mdogo akishakua pengo linafutika. Hapo ndipo utasikia kwamba mtoto "ameshuka kiwango". Hajashuka. Wenzake wamemfikia, na hakuna aliyemfundisha kitu cha kumbakiza mbele. Kwa wasichana inaweza kuwa kinyume chake: mwili unapobadilika, nyonga zikipanuka na uzito ukiongezeka, mbio hupungua kwa muda, na kocha asiyejua hilo humlaumu mtoto au chakula cha mama yake.

Tazama njia ya Simbu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1992. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. Mwaka uliofuata alishinda Mumbai, kisha akapata shaba ya dunia London. Tokyo, kwenye Olimpiki iliyofanyika 2021, alikuwa wa saba. Dhahabu ikaja akiwa na miaka 33. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane, na katika miaka hiyo mtu anayehesabu vikombe angeweza kusema kijana amekwisha.

Kuna atakayejibu kwamba Filbert Bayi hakusubiri. Kweli. Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974 akiwa na miaka 20 tu, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini medali yake ya Olimpiki, fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliipata Moscow mwaka 1980, miaka sita baadaye, katika mbio nyingine kabisa. Hata aliyechanua mapema alikuwa na kitu cha kuendelea kujifunza. Na Bayi mmoja hawezi kuwa mpango wa kulelea watoto wote wa Kilimanjaro.

Ugumu wa kujua kocha ameongeza nini si wa Uru peke yake. Miaka ya sabini mwishoni na themanini mwanzoni, Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso kilitwaa mataji mengi ya riadha ya vyuo vya Marekani, na miongoni mwa waliokiletea sifa walikuwa Watanzania wawili, Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga. Sasa, nani aliwatengeneza? Shahanga alikuwa tayari bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Alifika Texas akiwa mtu kamili, na kocha wa chuo angeweza kukaa kivulini akahesabu pointi. Lakini Shahanga huyo huyo alishinda mita 10,000 za Jumuiya ya Madola kule Brisbane mwaka 1982, na Nyambui alipata fedha ya Olimpiki ya mita 5,000 mwaka 1980 akiwa katika kipindi hicho cha chuo, kisha akaja kushinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Kitu fulani kiliongezeka, basi. Ukitaka kuwa mwadilifu kwa kocha unaangalia mtu alivyoingia na alivyotoka, halafu unaangalia alidumu muda gani baada ya kutoka.

Huko Marekani wanabishana hivyo hivyo kila mwaka kuhusu makocha wa vyuo na vijana wao. Tofauti ni kwamba wao wana takwimu za kila mchezaji. Huku tuna kaunta buku, kwa bahati.

Turudi kwenye mwili, kwa sababu ndipo kocha mbaya anapoacha alama ambazo haziondoki.

Mfupa wa mtoto haujakamilika. Karibu na maungio kuna sehemu laini ambako mfupa bado unarefuka, na misuli imeshikilia hapo hapo. Mtoto akikimbia sana wakati anarefuka kwa kasi, misuli huvuta sehemu hiyo mpaka inavimba. Ndiyo maana watoto wengi wanaokimbia hulalamika maumivu chini kidogo ya goti, pengine na kinundu kinachoguswa kwa kidole, au maumivu ya kisigino. Mara nyingi si jambo la kutisha na huisha kwa kupunguza mazoezi. Linakuwa la kutisha pale mtoto anapoambiwa akaze moyo.

Maumivu ya kuogopwa zaidi ni yale yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, hasa muundi au unyayo, ambayo ukibonyeza kwa kidole kimoja mtoto anaruka. Yanaanza mwishoni mwa mazoezi, kisha mwanzoni, kisha hata akitembea kwenda dukani. Hiyo inaweza kuwa ni ufa mdogo wa mfupa uliochoka. Picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo "picha iko safi" haimaanishi arudi uwanjani kesho. Anahitaji kuonwa na daktari na kupumzika kwa wiki kadhaa. Kocha anayemchua mtoto wa namna hiyo kwa mafuta na kumrudisha mbioni anacheza na mguu usio wake.

Milima yetu ina mambo yake. Anayekimbia kutoka mjini kupanda Mweka, njia wanayoijua washiriki wa Kilimanjaro Marathon tangu ilipoanza mwaka 2003, hujivunia kupanda. Kupanda kunachosha mapafu na moyo. Lakini kinachoumiza magoti na misuli ya mapaja ni kuteremka, kwa sababu kila hatua mguu unafanya kazi ya breki dhidi ya uzito wa mwili mzima. Kocha anayejua hapa mlimani utamtambua kwa kitu kidogo: watoto wake wakishapanda, wanateremka wakitembea, au anawapitisha kwenye majani pembeni ya migomba badala ya lami. Mwalimu wa jiografia anafanya hivyo. Watoto wanamcheka, wanasema anawarudisha kama mbuzi.

Kuhusu mapumziko, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri siku moja au mbili kila wiki bila mazoezi ya mchezo husika, na jumla ya miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka mbali nao. Muulize kocha yeyote watoto wake wanapumzika lini. Akijibu kwamba bingwa hapumziki, umeshapata jibu la maswali mengine matano ambayo hujauliza.

Kwa binti kuna swali ambalo akina mama wanaliogopa na makocha wanaume wanalikwepa. Hedhi. Kuna kocha, na si mmoja, anayemwambia msichana kwamba hedhi ikikatika ni dalili ya kuwa fiti. Huo ni uongo wa hatari. Mwili unaopata chakula kidogo kuliko kazi unayofanya huanza kuzima huduma ambazo si za lazima leo, na uzazi ni mojawapo ya zinazozimwa mapema. Homoni zikishuka, mifupa haijengeki vizuri, na miaka hiyo ya ujana ndiyo ya kujenga akiba ya mifupa ya maisha yote. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa tamko juu ya hali hii, wakaeleza kwamba inagusa pia moyo, kinga na akili, na kwamba wavulana nao hupatwa. Binti aliyekwisha kuvunja ungo akikaa miezi mitatu bila kuona siku zake, apelekwe hospitali. Na aliyefika miaka 15 hajawahi kuziona, hali kadhalika. Si suala la kumaliza na kocha.

Dawa yake kwa sehemu kubwa iko jikoni. Mtoto anayekimbia asubuhi kisha anakaa darasani na kikombe cha chai ya rangi mpaka saa nane mchana hawezi kujenga chochote. Mtori, kiburu, maharage, dagaa, yai, maziwa, parachichi la shambani: vyakula vya mlimani vinatosha kabisa kama vinafika kwa wingi na kwa wakati. Tena chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na msichana anayekimbia na kuona siku zake anayahitaji. Inywewe baadaye kidogo. Hili ni dogo, lakini ukimuuliza kocha watoto wake wanakula nini kabla na baada ya mazoezi, akajibu "hiyo ni kazi ya mzazi", ujue hajui anachofundisha.

Mama wa Uru aliamua kwenda kuiona kambi ya mjini bila kutoa taarifa. Alifika saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla ya kwenda sokoni. Aliwakuta watoto wamekwisha toka. Wote kumi na wawili walikimbia umbali mmoja kwa kasi moja, mkubwa na mdogo, na wa mwisho alipigiwa kelele. Aliuliza wasichana wanalala wapi na nani mtu mzima wa kike anayelala nao. Akaambiwa mke wa kocha huja. Huja lini? Akiwa na nafasi. Mama hakuuliza tena hilo. Mzazi yeyote asingehitaji kuuliza tena.

Akamwambia kocha: nionyeshe wale wa miaka mitano iliyopita. Kocha akafungua picha. Wawili aliwajua, mmoja yuko jeshini na bado anakimbia. Wengine? "Mama, riadha ni ngumu, wengine hukata tamaa." Inawezekana. Lakini picha za kwenye simu ni za waliobaki. Kocha anayepokea watoto hamsini na kutoa wawili wazima, na kocha anayepokea wanane na kutoa watatu, wanaweza kuwa na medali sawa ukutani. Tofauti iko kwa wale ambao hawakupigwa picha.

Jambo lingine alilosikia pale, kwa mtoto na si kwa kocha, ni kwamba cheti chake cha kuzaliwa "kitarekebishwa". Hilo halihitaji maelezo marefu. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, kisha nchi ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Taifa zima lilipoteza safari. Anayekubali kupunguziwa umri leo anajifunga na uongo ambao pasipoti yake itaubeba mpaka mwisho, na anakimbizwa na watoto wadogo wakati mwili wake ulipaswa kujifunza kwa wakubwa.

Ili kumtendea haki yule wa mjini: ana viatu, ana usafiri, anawafahamu watu wa kuandaa mashindano, na anaamka saa kumi alfajiri kila siku kwa malipo ambayo hakuna mtu mwenye digrii angeyakubali. Mwalimu wa jiografia hana hayo. Hajui mazoezi ya kasi kwa undani na anakiri mwenyewe. Alipoulizwa binti akifika kidato cha nne atampeleka wapi, alisema atamtafutia mtu anayejua kuliko yeye, Arusha ikibidi. Kocha anayejua mwisho wa ujuzi wake ni adimu, na ni wa kushikiliwa. Lakini ni kweli pia kwamba ahadi ya kutafuta si sawa na kupata.

Binti alibaki shule. Mwezi wa Mei, kwenye mchujo wa UMISSETA, alikuwa wa nne katika mita 3,000. Walichukuliwa wawili, na wa pili alitoka kambi ya mjini. Mjomba hakusema kitu jioni ile, lakini alikula kimya kwa namna ambayo nyumba nzima iliisikia. Binti alilia, akalala, kesho yake akaomba arudie kuvaa soksi zile zile kwa sababu anaamini zina bahati iliyochelewa.

Mwalimu alikuja Jumapili na kaunta buku lake. Alimwonyesha mama kwamba muda wa mtoto ule wa nne ulikuwa bora kwa sekunde 19 kuliko ule aliokuwa wa kwanza mwaka jana, na kwamba tangu Februari neno goti halijaandikwa tena. Mama alisikiliza, akamimina kahawa. Kisha akauliza lile lile aliloliuliza mjini: wasichana wako wa miaka mitano iliyopita wako wapi?

Mwalimu alinyamaza kidogo. Akageuza kurasa mpaka nyuma kabisa, akaandika majina saba na namba za simu alizokuwa nazo, nne tu. Mmoja, alisema, aliolewa na hakusikia habari zake tena. Wawili waliacha walipoanza kidato cha tatu na hakuwahi kuwauliza kwa nini.

Mama ameshapiga simu mbili. Mmoja ni muuguzi wilayani Hai na bado hukimbia akiwa zamu ya usiku imeisha. Wa pili aliongea muda mrefu, mpaka vocha ikaisha, na mama akateremka dukani kununua nyingine ili amalizie.